Gari Pana la Afande

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilivuka mpaka pale Busia, kutoka Kenya kuingia Uganda, na begi moja na viatu vya kuazima, kichwani darasa la sita, na leo ukisimama Kawempe ukauliza nani anauza sipea za pikapu, hata muuza chapati atakuonyesha mlango wangu. Nimeona kontena lililolipiwa injini likifunguliwa na ndani kuna matairi ya baiskeli. Nimeona mtu akiuza gari la shemeji yake siku ya harusi, shemeji mwenyewe yumo ndani anakula pilau. Baada ya hayo dunia ingenishangaza na nini tena? Ndivyo nilivyokuwa nikisema, mpaka nilipokuwa jirani wa Afande kule Makindye.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia na sitaanza hapa. Alikuwa Afande kwa mkewe, kwa wateja, kwa mwenyekiti wa mtaa, hata kwa watoto waliomwibia nati za kuchezea. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni hata akiwa chini ya gari. Ndevu alizinyoa kwa kioo cha gari lolote lililoletwa kutengenezwa, kwa hiyo mteja aliyewahi kufika asubuhi alimkuta na povu shavuni, ameinama mlangoni. Injini aliisikiliza kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho amefumba. Ukimsemesha wakati ule hakujibu, hata ungekuwa waziri.

Kabla sijamjua yeye nilimjua mkewe, Mama Rehema. Alikuja dukani kwangu na kikapu cha mboga, akaondoa mafungu ya dodo, mchicha wa huku, na chini yake palikuwa na pistoni iliyofungwa kwenye leso.

"Nataka ndugu ya huyu," akasema.

"Ya gari gani, mama?"

"Gari sijui. Mzee amesema usiniulize gari, umwangalie huyu unipe ndugu yake. Na amesema ukinipa wa kambo atamrudisha."

Nikampa. Kesho yake kikapu kikarudi. "Wa kambo," akasema, akaiweka mezani. Tulicheka, nikatafuta nyingine, na tangu siku hiyo akawa ananiita shemeji. Lakini nilitaka kujua kwa nini mwanaume amtume mkewe na vyuma kutoka Makindye mpaka Kawempe, mji mzima katikati, wakati yeye ana miguu.

"Mzee hatoki," akasema Mama Rehema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ana amri."

Ile amri nilikuja kuisikia kwa mwenyewe. Vita vya themanini na sita vilipokwisha, jeshi alilolitumikia lilikuwa limekwisha pia. Wenzake walikimbilia kwao kaskazini, wengine wakavuka mipaka. Yeye alikunja kombati yake vizuri, akaenda kwa miguu kambini kwa walioshinda, akajisalimisha. Kapteni mmoja akamuuliza kazi yake, akasema fundi wa magari. Kapteni akamwambia: rudi nyumbani, kaa huko mpaka uitwe. Akarudi, akakaa. Hakuitwa.

"Lakini Afande," nilimwambia, "huyo kapteni alikusahau siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana."

"Chakula inaoza, Mukenya. Amri haiozi."

Basi alikuwa havuki geti lake. Lilikuwa geti la bati lenye kutu, na mbele yake alisimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Mpira wa watoto ukitoka nje alisubiri mpita njia aurudishe. Gari la mteja likizimika barabarani, hata kama ni hatua tatu tu, lisukumwe kwanza liingie ndani. Alijua mji kwa kuhadithiwa. Aliniuliza mara kwa mara kama mzunguko fulani wa barabara bado upo, nami nikimwambia umebomolewa zamani alinitazama kama niliyeubomoa mimi.

Na ajabu yenyewe ni hii: wateja wake wakubwa walikuwa askari na polisi wa serikali mpya. Walileta pikapu zao kwa sababu hakuna aliyejua giaboksi kama yeye. Walimwita Afande bila kuuliza alikuwa afande wa jeshi gani, naye aliwafokea masajenti wao kwa kuendesha wamekanyaga klachi. Nilimpeleka luteni mmoja kijana, mteja wangu, nikamweleza yale mambo. Luteni akacheka mpaka akashika boneti.

"Mzee, hiyo amri imekufa. Mimi nakwambia toka, tembea."

Afande akasimama wima. "Wewe ni nani?"

"Luteni."

"Mimi nilipewa na kapteni," akasema, akarudi chini ya gari.

Mama Rehema hakucheka siku ile. Alikuwa Mkatoliki, mumewe Mwislamu, wote wa upande wa Arua, na tangu vita hakuwahi kukanyaga kwao. Nilimwambia, shemeji, wewe huna amri, panda basi uende uwaone watu wako. Akanijibu huku anakatakata vitunguu:

"Nikifika peke yangu watanipokea kwa kilio. Watajua nimekuwa mjane, watanipa kigoda cha mjane. Nitawaambiaje kwamba mtu yu mzima, ana meno yake yote, ila geti limemshinda? Nitaenda na yeye, waone wawili."

Hilo ndilo lililokuwa likingojwa katika boma lile: wawili wale wafike kwao, waonekane. Mengine yote yalitokana na hilo, hata gari.

Gari lilikuwapo kabla yake. Aliyemuuzia kiwanja alikuwa akilifugia kuku: gari la Kiingereza la zamani, viti viwili, bila paa, magurudumu ya spoku, jembamba kama mtumbwi. Lililetwa na daktari fulani wa enzi zile, akaondoka akaliacha. Afande aliwahamisha kuku akalikung'uta, na alipoanza kulishughulikia sote tulidhani atalirudisha lilivyokuwa, lipakwe rangi, liuzwe kwa Mzungu. Kumbe yeye alikuwa ameona zamani, katika gazeti la wenzake waliosomea ng'ambo, picha ya gari kuukuu lililofanywa la mbio. Picha yenyewe ilipotea vitani. Akalijenga lililobaki kichwani.

Kwanza alilivua. Madigadi yote akayatoa, magurudumu yakabaki wazi. Bampa akazitupa. Akalishusha tumbo mpaka paka asipite chini. Kisha akamtuma Mama Rehema kwangu, na mara hii kikapu hakikutosha, maana alichotaka ni injini ya silinda nane iliyotoka katika gari la ubalozi lililogonga mti. Mimi ndiye niliyeipata. Nani mwingine angeipata? Ikaja kwa toroli, vijana wanasukuma wakitukana. Haikuenea chini ya boneti, kwa hiyo Afande akakata boneti, na injini ikakaa nje inang'aa, na mabomba ya moshi yamelala ubavuni, manne kila upande. Makindye wakaliita gari uchi.

"Hii si gari, Afande, ni aibu," mwenyekiti wa mtaa alimwambia. "Itapita mbele ya wakwe namna gani?"

"Itapita haraka," akajibu.

Alikuwa na misemo yake. Nati ikilia imekazwa, ikinyamaza itakuua. Rangi ni ya kumdanganya mnunuzi, chuma ni ya kumdanganya Mungu, na Mungu hadanganyiki. Alikataa kazi ya mtu tajiri kwa sababu alikuja na gari chafu, halafu akamtengenezea muuza maji bure, na kesho yake akamgombeza yule muuza maji kwa kutosema asante kwa sauti. Mchoyo wa maneno, mchoyo wa chai, lakini sipea nzuri aliimwagia pesa kama mlevi. Na pesa zilitoka kwenye ardhi. Kila alipokwama alikata kipande cha kiwanja akauza. Nyuma akauza, ukajengwa ukuta. Kushoto akauza, ukajengwa ukuta. Boma likawa linamkaba kutoka pande zote, naye hakuonekana kujali. Alisema gari haihitaji nyuma wala kushoto, inahitaji mbele tu.

Mbele niliinunua mimi.

Sikumwibia. Tulikaa chini na mwenyekiti, tukaandikiana, na Afande akatoa sharti moja tu: iachwe njia ya kupita gari lake. Tukalisukuma mpaka getini. Akapigilia vigingi kando ya magurudumu, akaacha kiganja kimoja upande huu na kiganja kimoja upande ule.

"Afande, gari hii itapita?" mwenyekiti akauliza. "Wewe acha zaidi."

"Mimi ni dereva ya jeshi. Kiganja inatosha."

Mimi ningemwambia nini? Kila kiganja kilikuwa ardhi yangu. Nikajenga vyumba vya kupanga mistari miwili, mlango kwa mlango, na katikati njia ileile aliyoipima. Vilijaa kabla rangi haijakauka, nami mwenyewe nikahamia nyumba ya kando, ukuta mmoja na Afande. Watu walisema Mukenya ana akili, na sikuwakataza.

Kisha akaliwasha kwa mara ya kwanza. Nilikuwapo. Ardhi ilitikisika, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Akaingiza gia, akaachia klachi, na gari likaruka kidogo, likapiga kishindo, likasimama. Ekseli ya nyuma, ile nyembamba ya Kiingereza, ilikuwa imekatika kama muwa. Afande hakusikitika hata kidogo. Alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mtoto. Kesho yake Mama Rehema akaja kutaka ekseli ya pikapu, nzito, yenye difu kubwa. Nikawauzia, nzuri kabisa, na matairi mapana juu yake. Hakuna kati yetu watatu aliyefikiria kitu. Mimi nilifikiria bei, yeye nguvu, Mama Rehema namna ya kulibeba.

Miaka mingine ikapita. Halafu siku moja pikapu ya jeshi ikaegeshwa nje, na mtu mnene mwenye kitambi cha heshima akapita kati ya vyumba vyangu kwa miguu. Alikuwa yule luteni wangu.

"Mzee, unanikumbuka?"

"Luteni."

"Sasa ni meja."

Afande akaweka spana chini. Akajifunga kifungo cha shingo, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Akasimama wima.

Meja hakucheka mara hii. "Ile amri uliyopewa na kapteni, naifuta. Unaweza kwenda."

Afande akapiga saluti. Mama Rehema alikuwa mlangoni, akaketi palepale kizingitini. Nilidhani mzee atakimbia mpaka barabarani. Badala yake aligeuka, akaanza kulifuta gari vumbi.

Asubuhi yake waliondoka, au walitaka kuondoka. Mama Rehema alivaa gomesi ya kijani, gauni lake la sherehe, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba. Gari likaingia njiani kwa ngurumo, wapangaji wamejipanga milangoni. Mbele kukapita. Katikati kukapita. Kisha, kwenye vyumba vya mwisho ambako njia ilijibana kidogo, ikasikika sauti ya tairi pana la nyuma likilamba plasta yangu, upande wa kulia, halafu wa kushoto, na gari likasimama limebanwa kati ya vyumba kama kizibo. Lilikaa pale siku nzima. Wapangaji walipita juu yake kwenda chooni, mama mmoja na beseni kichwani, akisema, "Samahani, Afande," naye Afande ameketi kwenye usukani, anatazama mbele, barabara anaiona.

Jioni vijana wakalirudisha nyuma kwa kulivuta. Mama Rehema akashuka, gomesi imejaa chokaa.

"Mabasi ya Arua yapo kila siku," akamwambia mumewe, polepole.

"Mimi nilikuja hapa kwa miguu, nimeshindwa vita. Sirudi kwetu nimeshindwa tena."

Nilienda kumsemesha. "Afande, mimi sivunji nyumba kwa ajili ya wazimu wa chuma."

"Sijakuomba."

"Najua hujaniomba."

"Sasa unajibu nini?"

Kufungua gari alitoe vipande vipande hakutaka kusikia. Gari iliyotoka imebebwa, alisema, ni maiti. Kwa hiyo wakabaki. Kila Ijumaa, akitoka kuswali chumbani mwake, aliliwasha. Masufuria ya wapangaji wangu yalicheza ukutani. Wakati mwingine Mama Rehema aliacha kazi yake akaenda kukaa kiti cha pili, na nilipochungulia juu ya ukuta niliwaona wote wawili, injini inanguruma, moshi unapanda, wamekaa wanautazama ukuta wangu kama watu wanaotazama ziwa. Nywele zao zilikuwa nyeupe kufikia wakati huo. Nikishuka kwenye ngazi nilijiambia kwamba biashara ni biashara. Nilijiambia hivyo Ijumaa nyingi.

Mwisho akaniita mwenyewe, na akaniambia ananiuzia gari.

Mimi mfanyabiashara nilifurahi. Injini ile peke yake ilikuwa mali. Mbele ya mwenyekiti akaweka tena sharti moja: litoke kwa miguu yake, lisibebwe. Nikakubali haraka, maana maneno ya mzee hayapimwi kwa mkanda. Jioni ileile nilikuwa Kamwokya, kwenye baa ya nyama choma, nikawatangazia wote kwamba mwanangu anaoa na nitampeleka kanisani kwa gari la silinda nane ambalo Kampala nzima hakuna mwenzake. Nilinunulia meza tatu vinywaji.

Asubuhi Afande alikuwa kwenye ukuta, upande wake. "Mukenya, gari yako imelala salama."

Siku ya pili: "Mukenya, gari yako iko kwa kiwanja yangu."

Siku ya tatu: "Gari ya mtu kukaa kwa mtu si vizuri. Watu watasema."

Wapangaji nao wakapata mchezo. "Landlodi, gari lako linatunyima usingizi." Kamwokya waliniuliza lini wataliona. Mwenyekiti, nilipomnong'oneza habari ya kutoa ekseli usiku, akanitazama juu ya miwani: "Mukenya, ulikubali mbele yangu." Harusi ikawa inakaribia. Nikawa nalala nikiota plasta. Mke wangu akasema nimekonda. Miaka yote nilimwona Afande kama mtu aliyefungwa, na sasa nilikuwa nazunguka ukuta uleule kwa upande wa nje, nikitafuta mlango ambao nilikuwa nimeuziba mimi mwenyewe kwa matofali mazuri ya kuchoma.

Nikaita fundi mwashi. Tukabomoa vyumba viwili vya mwisho mstari wa kulia, pale pembeni gari lilipobana. Afande alitazama kazi yote, na mara moja alimwambia mwashi aondoe misumari, itatoboa tairi.

Vumbi lilipotua nilinyoosha mkono nipewe ufunguo. Akautia mfukoni.

"Bado. Fundi hawezi kumpa mtu gari bila testi."

Hilo hata mtoto wa Kampala analijua. Hakuna fundi anayekukabidhi gari kabla hajalizungusha barabarani. Ndiyo desturi, na ndiyo sababu ukienda kuchukua gari lako unaambiwa fundi ameenda nalo testi. Mama Rehema akatoka na gomesi ya kijani.

"Na shemeji anaenda testi?"

"Lazima niweke uzito upande wa pili," akasema Afande. "Gari ya viti mbili."

Likapita. Kiganja kimoja upande huu, upande ule uwazi wa vyumba vyangu viwili. Getini alikanyaga breki, akakaa pale kidogo, na nikaona bega lake likipanda na kushuka. Kisha akavuka geti. Hawakupunga mkono. Baada ya muda simu ikalia, ni kijana wangu wa dukani Kawempe: "Bosi, gari lako uchi limepita hapa kama risasi, limeshika njia ya kaskazini. Mama anashikilia kitambaa."

Jioni ya siku ya pili akapiga mwenyewe, simu ya kuazima. Nyuma yake nilisikia vigelegele.

"Mukenya. Testi inaendelea vizuri."

Mwanangu alienda kanisani kwa teksi, na Kamwokya hawajanyamaza mpaka leo.

Niliacha mvua zipite, nikapanda basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno nimeyapanga njia nzima. Nikamkuta sokoni, nje ya mji wa Arua, mikono nyuma, kola wazi, anatembea kutoka kibanda hadi kibanda na kuuliza bei za vitu ambavyo hakununua. Kifua chake kilikuwa kimeingia ndani, na alipumzika kila baada ya hatua chache. Akanipeleka kwao. Mama Rehema alikuwa chini na wanawake wenzake, wanapepeta ulezi, akaniletea maji, akaniita shemeji mbele yao wote. Gari lilikuwa uwanjani, chini ya nyasi zilizoezekwa juu ya nguzo nne. Hakukuwa na ukuta hata mmoja.

"Afande," nikasema, "testi imekwisha?"

Akaliwasha. Akachukua bisibisi, akaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Bado. Iko sauti kidogo, upande ya kushoto." Akanipa bisibisi. "Sikia."

Nimeuza injini maisha yangu yote. Niliweka sikio pale nikasikiliza silinda zote nane. Ile injini ilikuwa safi kama siku ya kutoka kiwandani.

"Naisikia," nikamwambia. "Endelea kwanza na testi."

Nikarudi kwa basi la usiku. Gari, vyumba viwili, mwashi, kuwahamisha wapangaji, teksi ya kanisani, na nauli ya kwenda na kurudi: shilingi milioni kumi na moja, laki nne na elfu sabini.